Kioo cha Maji na Dari la Tanuri: Uchambuzi wa Kisa cha Injini ya Mvuke Na. 1278

Jioni ya tarehe 16 Juni 1995, treni ya matembezi yenye mabehewa sita na abiria zaidi ya 300 ilikuwa ikisafiri kwa mwendo wa maili 15 hivi kwa saa, sawa na kilomita 24, karibu na kijiji cha Gardners katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wakati dari la tanuri la injini yake ya mvuke lilipoachia. Mvuke na maji ya moto yaliyokuwa yamebanwa ndani ya boila viliingia ghafla katika tanuri, vikakutana na makaa yanayowaka, kisha vikatoka pamoja na moto kuelekea kwenye kibanda cha dereva. Dereva aliungua vibaya sana, na wachochea moto wawili waliokuwa naye waliungua pia. Abiria walisalimika, na boila yenyewe haikung'oka kwenye fremu yake.

Ukilinganisha na milipuko ya boila ya karne ya 19, ambayo ilirusha mitungi ya chuma mamia ya mita na kuua kila aliyekuwa karibu, ajali hii ni ndogo. Hata hivyo, kwa mtu yeyote anayefufua injini kongwe za mvuke na kuziendesha, ina thamani isiyo ya kawaida, kwa sababu boila inayolipuka yote huharibu ushahidi wake yenyewe, ilhali hii ilibaki imesimama na vifaa vyake vya kupimia vikiwa mahali pake. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani waliweza kufungua koki moja baada ya nyingine, kuangalia ndani ya njia zake na kusoma chuma cha dari kama kilivyoachwa na joto. Walichokikuta hakikuwa siri ya kihandisi. Maji yalikuwa yamepungua hadi dari likabaki wazi, njia za vifaa vya kupimia kina cha maji zilikuwa zimezibwa na magamba ya chokaa, utunzaji wa boila ulikuwa hafifu, na wafanyakazi hawakuwa wamepewa mafunzo rasmi ya kutosha kwa kazi waliyokabidhiwa.

Injini yenyewe haikuwa mbovu kwa asili yake. Na. 1278 iliundwa mwaka 1948 na Canadian Locomotive Company huko Kingston, Ontario, kwa ajili ya reli ya Canadian Pacific, ikiwa miongoni mwa injini 102 za daraja la G5 zilizotengenezwa kati ya mwaka 1944 na 1948. Hizi ni injini za mwisho mwisho za zama za mvuke. Zilibuniwa na watu waliokuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka mia moja nyuma yao, na boila zao zilikusudiwa kufanya kazi kwa shinikizo la ratili 250 kwa inchi ya mraba, yaani takriban bar 17. Canadian Pacific ilipoachana na mvuke, 1278 iliingia katika mkusanyiko wa injini kongwe uitwao Steamtown, ulioanzishwa na F. Nelson Blount huko Vermont, na mwaka 1987 ilibadilishwa kwa injini nyingine, Canadian National Na. 3254, ikahamia mji wa Gettysburg huko Pennsylvania kuvuta treni za watalii. Wakati wa ajali ilikuwa na umri wa miaka 47. Kwa boila iliyotunzwa huo si uzee, maana ziko injini zilizoizidi umri ambazo hadi leo zinafanya kazi bila tatizo.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kwanza kuelewa dari la tanuri linaishi katika mazingira gani. Tanuri la injini ya reli ni sanduku la chuma lililozamishwa ndani ya boila. Moto uko ndani yake na maji yako nje yake, pembeni na juu, na bamba la juu, ambalo ndilo dari, linashikiliwa na mamia ya boliti zinazoliunganisha na gamba la nje la boila. Upande wa chini wa dari kuna moto wenye joto linaloweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Upande wa juu kuna maji ambayo, kwa shinikizo la ratili 250, huchemka kwenye nyuzi 208 hivi. Maadamu maji yamelifunika, dari halipati joto kubwa sana kuliko hayo maji, kwa kuwa kila joto linalopanda kutoka motoni huchukuliwa papo hapo na maji yanayogeuka mvuke. Maji yakishuka chini yake, mvuke peke yake hauna uwezo wa kuchukua joto hilo, na baada ya dakika chache tu chuma kinaanza kuwa chekundu. Chuma cha boila kikifika nyuzi 600 kinakuwa kimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, ilhali mzigo ulio juu yake haujapungua hata kidogo: shinikizo la bar 17 ni sawa na zaidi ya tani 170 kwa kila mita ya mraba. Bamba linalegea, linabonyea kati ya boliti, matundu ya boliti yanapanuka, na hatimaye bamba linachomoka.

Kinachoumiza baada ya hapo ni maji zaidi kuliko mvuke uliokuwa tayari umekusanyika. Maji yenye joto la nyuzi 208 hayawezi kubaki maji pindi shinikizo linapoondoka. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo, ukifikia shinikizo la kawaida la hewa, huhitaji nafasi kubwa mara 1,600 kuliko maji yaliyouzaa. Kwa hiyo boila yenye maji pungufu haiko salama kwa sababu tu maji yake ni machache. Yale yaliyobaki yanatosha kabisa kufanya maafa.

Sasa tufike kwenye vipimo, ambavyo ndivyo kiini cha kisa hiki. Ndani ya kibanda cha injini ya mvuke mna geji nyingi, na mgeni anayepanda kwa mara ya kwanza huvutwa na ile kubwa ya presha, yenye uso mweupe na mshale mweusi. Ni kifaa kizuri, kilichotokana na hataza ya Mfaransa Eugène Bourdon ya mwaka 1849: bomba bapa lililokunjwa hujinyoosha kadiri shinikizo linavyopanda, na mwendo wake huzungusha mshale. Lakini kuhusu dari la tanuri, geji ya presha haina habari yoyote. Boila inaweza kuonyesha shinikizo la kawaida kabisa, vali ya usalama ikiwa imetulia, huku dari likiwa jekundu. Vali ya usalama inalinda dhidi ya shinikizo kupita kiasi, lakini haina namna ya kujua kwamba chuma kimeishiwa nguvu na kwamba shinikizo la kila siku sasa limekuwa kubwa mno kwake. Katika kibanda chote kifaa kinachojibu swali la uhai na kifo ni kimoja, nacho ni kioo cha maji, bomba la kioo la urefu wa kiganja hivi, lililounganishwa na boila kwa koki mbili, ya juu ikiingia kwenye nafasi ya mvuke na ya chini ikiingia kwenye maji.

Kanuni ya kioo hiki ni nyepesi mno, na wepesi huo ndio unaowadanganya watu. Kwa kuwa kioo na boila vimeunganishwa juu na chini, maji ndani ya kioo husimama kwenye kina kile kile cha maji ya boila. Sharti lake ni moja tu, kwamba njia zote mbili ziwe wazi. Njia ya chini ikizibwa, maji yaliyomo ndani ya kioo hayana pa kwenda. Boila inaweza kupungua maji kadiri itakavyo, nayo yakabaki pale pale. Tena, kwa kuwa mvuke unaendelea kuingia kwa juu na kupoa kwenye kuta za kioo, matone yake huongeza kiasi kidogo kidogo, hivyo kioo kikaonekana kinapanda wakati boila inashuka. Njia ya juu ikizibwa, mvuke ulionaswa juu ya maji hupoa, shinikizo lake hupungua, na maji husukumwa juu kutoka chini hadi kioo kikaonekana kimejaa. Hata uvujaji mdogo kwenye kiungo cha juu huleta matokeo yale yale.

Hoja yangu katika uchambuzi huu imejengwa juu ya jambo hilo. Kioo cha maji hakikosei ovyo. Kinapoharibika, karibu kila mara hukosea kwa upande mmoja, nao ni upande wa kuonyesha maji mengi kuliko yaliyomo. Ni kasoro chache tu, kama kuvuja kwa kiungo cha chini, zinazokifanya kionyeshe pungufu na hivyo kumlazimisha mchochea moto aongeze maji bila madhara. Kifaa ambacho makosa yake huegemea upande wa kumtuliza mtumiaji hakiwezi kutumiwa kwa kutazamwa peke yake. Ni lazima kihojiwe, na kihojiwe kwa utaratibu unaoweza kukifumania.

Utaratibu huo upo, na ni wa kale kuliko injini ya 1278. Mchochea moto hufunga koki ya juu na kufungua koki ndogo ya kumwagia iliyo chini ya kioo: maji yakitoka kwa nguvu, njia ya chini iko wazi. Kisha hufunga koki ya chini na kufungua ya juu: mvuke ukitoka kwa nguvu, njia ya juu iko wazi. Mwishowe hufunga koki ya kumwagia, hufungua zote mbili, na kutazama jinsi maji yanavyorudi. Yanapaswa kuruka mara moja hadi mahali pake. Yakipanda kwa uvivu, njia imeanza kubanwa hata kama haijazibwa. Wengi hufungua koki ya kumwagia peke yake, huku mbili za boila zikiwa wazi, wakaona mchanganyiko wa mvuke na maji ukitoka kwa kishindo, wakaridhika. Jaribio hilo halithibitishi kitu, kwa sababu njia moja nzima inatosha kuleta kishindo chote hicho na kuificha ile iliyokufa. Nimewahi kuwasikia watu wenye miaka mingi kwenye kazi hii wakiitetea njia hiyo ya mkato kwa hoja kwamba inaokoa muda, ilhali utaratibu kamili hauchukui hata dakika moja.

Kuna pia dalili ambayo haihitaji kugusa koki. Injini inapokwenda, maji ya boila hayatulii. Yanayumba na kila kiungo cha reli, yanavimba dereva anapofungua mvuke na kushuka anapofunga, yanahamia nyuma injini inapopanda mlima na mbele inaposhuka. Kioo kilicho hai huyafuata hayo yote, maji yake yakichezacheza bila kukoma. Kwa hiyo mstari wa maji uliotulia ndani ya injini inayotembea ni jambo la kutilia shaka mara moja. Mchochea moto aliyefundwa na mtu mwenye ujuzi hulijua hili kabla hajajua jambo lingine lolote kuhusu boila, na aliyejifunza kwa kubahatisha anaweza kuuona utulivu huo kuwa habari njema.

Wabunifu wa zamani walijua kwamba kioo kimoja hakitoshi, ndiyo maana injini za Marekani zilipewa pia koki za majaribio, kwa kawaida tatu, zilizopangwa kwa kimo tofauti. Ukifungua koki iliyo chini ya maji hutoka maji, na iliyo juu ya maji hutoa mvuke. Ni kipimo kisicho na kioo cha kuvunjika, lakini nacho kinahitaji sikio. Maji ya nyuzi 208 yakitoka nje hugeuka mvuke kwa sehemu, na asiyezoea hatofautishi ngurumo nzito yenye weupe ya maji na mlio mkavu wa mvuke mtupu. Zaidi ya hayo, majaribio ya wakaguzi wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920 yalionyesha kwamba maji hupanda kwa kasi kwenye ukuta wa nyuma wa tanuri wakati injini inafanya kazi kwa nguvu, hivyo koki iliyochomekwa moja kwa moja kwenye ukuta huo inaweza kutoa maji hata kama kina cha kweli juu ya dari kiko chini sana. Kutokana na hayo zilienea nguzo za maji, yaani mtungi wa wima unaotuliza maji kabla ya kupimwa, ambao koki na kioo huunganishwa nao. Nguzo hiyo iliondoa kosa moja na kuleta hatari nyingine, kwa kuwa vifaa viwili vinavyonyonya kupitia njia moja hufa pamoja njia hiyo inapozibwa. Anayefufua injini kongwe anapaswa kufuatilia kila bomba kwa mkono wake na kujiuliza kama vipimo vyake viwili ni viwili kweli.

Magamba yaliyoziba njia hizo yanatoka wapi? Yanatoka kwenye maji yenyewe. Maji ya visima na ya mabomba ya mji yana chumvi za kalsiamu na magnesiamu, na yanapochemshwa maji huondoka kama mvuke na chumvi zikabaki, zikaganda kwenye chuma kama ukoko wa chini ya birika. Injini ya ukubwa wa 1278 huvukiza maelfu ya lita kwa saa, hivyo kile ambacho jikoni huchukua mwaka, kwenye boila huchukua siku. Dawa yake ni mbili: kuyatia maji kemikali zinazozifanya chumvi zibaki tope badala ya kuganda, na kuifungua boila mara kwa mara, kuiosha kwa maji ya shinikizo na kuchunguza kila tundu. Pale Gettysburg, wachunguzi walikuta kasoro katika yote mawili. Magamba yalikuwa ndani ya boila, na mahali pa kwanza panapoziba ni njia nyembamba ambazo maji yake hayatembei, nazo ndizo njia za vipimo. Kwa maneno mengine, uzembe ule ule unaoifanya boila iwe hatari zaidi ndio unaoipofusha geji ya kuutambua huo uzembe. Ukiniuliza ni kipi cha kutisha zaidi katika kisa kizima, nitataja uhusiano huu kabla ya kutaja mlipuko.

Kuhusu lawama, ripoti ya bodi iliyotolewa mwaka 1996 haikuishia kwenye kibanda cha dereva. Iliielekeza kwa uongozi wa kampuni iliyoendesha treni hizo, Gettysburg Passenger Services, kwa kutohakikisha kwamba boila na vifaa vyake vinatunzwa na kwamba wafanyakazi wamefundishwa. Naona mwelekeo huo ni sahihi, ingawa ni rahisi kusema kwamba aliyekuwa na jukumu la kuangalia maji ndiye aliyeshindwa. Zamani mchochea moto alipitia miaka ya ufagizi, uoshaji wa boila na kazi za usiku kwenye karakana kabla ya kukabidhiwa koleo kwenye njia kuu, na kila mahali alizungukwa na watu waliokuwa wamekwisha kuona boila zilizoharibika. Karakana hizo zilipofungwa, mlolongo huo wa kurithishana ulikatika. Injini zilihifadhiwa, vitabu vya mwongozo vilihifadhiwa, lakini mazoea ya mikono yanahitaji mtu wa kuyakagua kila siku, na shirika dogo la treni za watalii, lenye msimu mfupi na mapato ya wikiendi, mara nyingi halina mtu huyo.

Lipo jambo moja lililowaokoa watu siku ile, nalo lilikuwa limechorwa kwenye ubao wa michoro nchini Kanada karibu nusu karne kabla. Dari la 1278 halikuchanika lote. Liliachia katika eneo lake lililopata joto zaidi, na mpangilio wa boliti zake ulifanya sehemu nyingine ziendelee kushika, hivyo boila ikajimwaga kwa tundu lenye ukomo badala ya kufumuka kwa mkupuo mmoja. Mtengenezaji hakuweza kuzuia maji yasipungue, lakini aliweza kuamua chuma kitashindwa kwa namna gani kikifika hapo. Hili linapaswa kumfikirisha fundi anayebadilisha boliti za dari kwenye injini kongwe, kwani kishawishi cha kuweka boliti zote za aina moja iliyo imara zaidi ni kikubwa, na matokeo yake yanaweza kuwa dari linaloshika kwa ukaidi hadi linapoachia lote kwa pamoja.

Marekani ilikuwa na sheria ya ukaguzi wa boila za injini za reli tangu tarehe 17 Februari 1911, na kwa miaka mingi sheria hiyo ilipunguza sana vifo. Tatizo ni kwamba kanuni zake ziliandikwa kwa ajili ya reli kubwa zenye maelfu ya injini na karakana kamili, na kufikia mwaka 1995 waliobaki kuzifuata walikuwa waendeshaji wachache wa treni za kumbukumbu. Mamlaka ya Shirikisho ya Reli, ikishirikiana na kamati ya wataalamu wa injini za mvuke, iliziandika upya, na kanuni mpya zikachapishwa tarehe 17 Novemba 1999 na kuanza kutumika Januari 2000. Ukizisoma huku umekishika kisa cha Gettysburg akilini, vifungu vyake kuhusu maji vinaeleweka mara moja. Kila boila iwe na angalau vioo viwili vya maji. Kipimo cha chini kabisa cha kioo kisiwe chini ya inchi tatu juu ya sehemu ya juu kabisa ya dari. Vioo vyote vipulizwe, koki zote zijaribiwe na njia zote zithibitishwe kuwa wazi mwanzoni mwa kila siku ambayo injini inatumika, na mara nyingine zozote inapohitajika. Mashina ya koki za vioo na za majaribio yatolewe na kusafishwa magamba katika kila ukaguzi wa siku 31 za kazi, yaani siku ambazo boila imewashwa, na njia za nguzo ya maji zisafishwe kila mwaka. Bomba la kioo libadilishwe kila siku 92 za kazi hata kama linaonekana zima. Kila kioo kiwe na taa inayowawezesha wafanyakazi kuyaona maji bila shida.

Geji ya presha nayo haikusahauliwa. Inapaswa kupimwa kabla ya kufungwa, katika kila ukaguzi wa siku 92 za kazi, na wakati wowote inaposhukiwa, kwa kulinganishwa na geji ya majaribio iliyo sahihi au na mizani ya uzito mfu, ambayo huzalisha shinikizo linalojulikana kwa kuweka vyuma vya uzito maalumu juu ya pistoni. Bomba lake liwe na mkunjo unaohifadhi maji, ili mvuke wa moto usiingie ndani ya geji na kuiharibu. Wafufuaji wengi hupenda geji za zamani zenye maandishi ya kiwanda cha asili, na mimi sina ugomvi na pambo hilo, ila geji iliyokaa miaka 40 kwenye rafu bomba lake la ndani linaweza kuwa limechoka, na kung'arisha shaba ya nje hakuliponyi. Ni heri geji mpya isiyo na haiba ifanye kazi, na ile kongwe itundikwe ukutani kwa heshima zake.

Kanuni hizo zilihusu reli peke yake. Tarehe 29 Julai 2001, katika viwanja vya maonyesho vya Medina, Ohio, trekta kongwe ya mvuke ililipuka na kuua watu watano. Huko nako maji yalikuwa yamepungua, na bamba la dari lilikuwa limelika hadi likawa jembamba. Trekta za aina hiyo hazikuguswa na Mamlaka ya Reli kwa kuwa hazitembei juu ya reli, na wakati huo jimbo halikuwa na sheria ya kukagua boila za maonyesho. Baadaye Ohio ilitunga sheria ya boila za kihistoria, yenye ukaguzi na leseni za waendeshaji. Miaka sita ilikuwa imepita tangu Gettysburg, ripoti ilikuwa imechapishwa, na tanuri la trekta halina tofauti yoyote ya msingi na la injini ya reli.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, linahifadhi injini za mvuke za iliyokuwa Reli ya Afrika Mashariki, na baadhi yake zimewahi kufufuliwa na kuvuta treni tena, ikiwemo ile kubwa ya aina ya Garratt, injini ndefu iliyoungwa kwa viungo, Na. 5918 iitwayo Mount Gelai, moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950. Boila yake ilikusudiwa kufanya kazi kwa ratili 225, na tanuri lake huchoma mafuta mazito badala ya makaa. Mafuta yana faida moja katika kisa cha namna hii, kwamba mchochea moto akikosa kuyaona maji kwenye kioo anaweza kuuzima moto kwa kufunga vali moja, ilhali makaa yaliyokwisha kuwaka yanaendelea kutoa joto kwa muda mrefu. Lakini njia kutoka Mombasa hadi Nairobi inapanda zaidi ya mita 1,600, na kwenye miinuko na mabonde ya namna hiyo maji huhama ndani ya boila kila mara mteremko unapobadilika. Kioo kinachosomeka nusu wakati injini inapanda kinaweza kuonyesha robo mara tu inapovuka kilele, na kina juu ya dari hubadilika nacho.

Yeyote atakayewasha tena moto ndani ya injini kama hiyo atakabiliwa na swali la maji kabla ya swali la rangi au la vipuri. Kipimo cha ugumu wa maji ya kituo atakachojazia kifanyike mapema na dawa ichaguliwe kulingana nacho, wala si kulingana na kilichotumika mahali pengine. Mashina ya koki yatolewe na njia zake zipitishiwe waya mnene wa kuthibitisha kipenyo kamili, kwa sababu njia iliyobaki nusu hupitisha maji ya kutosha kumridhisha anayejaribu kwa haraka. Kama koki zina gololi za usalama, zile zinazojifunga kioo kinapovunjika, kila gololi itolewe na kutazamwa, maana gololi iliyonasa kwenye kiti chake ni kizibo kama kizibo kingine chochote. Nami ningeongeza kitu ambacho hakimo katika kanuni za Marekani: katika daftari la kila siku, mbele ya saini ya aliyepuliza vioo, iandikwe kama maji yalirudi mara moja au yalichelewa, kwa kila kioo peke yake, na mwenye kuandika "yalichelewa" awe na mamlaka ya kuizuia injini isitoke bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote.